Nukta pacha kabla ya kila orodha? Usithubutu

Mkuu, kabla hujalipa chochote, subiri. Umesema unaandika tasnifu kwa Kiingereza hapo Dodoma, na jamaa wa kukusahihishia amekwambia kila orodha lazima itanguliwe na nukta pacha (:). Huyo mtu mkimbie. Mimi nililishwa maneno hayohayo na "mhariri" mmoja wa mjini, kajaa kujiamini, na hela yangu akala.

Sikia sasa. Tasnifu yangu ilikuwa ya miche ya zabibu. Ikarudi kutoka kwa mtahini wa nje, nukta pacha zimezungushiwa wino mwekundu kila ukurasa. Yule mhariri, badala ya kukaa asome, akafungua Word, akaamuru nukta pacha zote zifutwe kwa mpigo mmoja. "Tayari, kaka." Nami huyoo steshenari, nikachapa na kubaindi nakala zote. Msimamizi alipofungua sura ya tatu, uwiano wa samadi na udongo wa kitalu, 1:3, umekuwa 13. Kwenye marejeo namba za juzuu zimeshikana na za kurasa, jarida linasomeka lina ukurasa wa 45112. Akaniuliza hiyo samadi naipima kwa kipimo gani. Nikacheka, ningefanyaje? Karatasi zote zikaenda kufungia maandazi, nikachapa upya, tarehe ya mwisho ikapita, na mahafali nikayaona kwenye status za wenzangu. Nawashukuru, picha zilitoka vizuri.

Na mtahini alichotaka ni kitu kidogo tu. Funika kwa kidole kila kilicho baada ya nukta pacha. Maneno ya kushoto yakiweza kufungwa kwa nukta na kusimama yenyewe, iache. Yasipoweza, itoe. "The study covered three districts: Bahi, Chamwino and Kongwa" iko sawa, maana "The study covered three districts" ni sentensi kamili. Ila "The main crops are: grapes, sorghum and sunflower" haipiti kidole, kwa sababu unabaki na "The main crops are", kama mtu aliyekatiwa simu. Andika "The main crops are grapes, sorghum and sunflower", basi. Mtego ni huohuo baada ya "include", "such as" na "consist of". Ukiing'ang'ania sana hiyo alama, andika "The main crops are as follows:", sentensi itatimia.

Atakuja mtu hapa aseme orodha ikishuka chini kwa vidoti, miongozo mingine inalegeza. Ni kweli, inalegeza. Lakini wewe humjui mtahini wako anafuata upi, na aliyepita kwa kidole sijasikia karudishiwa kazi kwa hilo.

Uliuliza na habari ya nukta mkato na herufi kubwa, sijui nini tena, wenye utaalamu watakuja. Wewe bandika hapa ile aya ya vifaa vya utafiti tuipitishe kidole, na huyo jamaa usimwongezee hata mia.