Swali la lugha: "Wima" katika kisima cha mlalo

SWALI: Naandika ripoti ya vipimo vya shinikizo katika kisima cha mafuta kilichochimbwa kwa mlalo. Nimeandika "mtiririko wima wa kisima cha mlalo". Mwenzangu anasema najipinga, nifute "wima". Nifute?

JIBU: Usifute. Upatanisho umeshakuamulia: "cha mlalo" kinashika kisima, "wima" linashika mtiririko. Ni vitu viwili, na kila kimoja kina mwelekeo wake.

Hata hivyo, mwenzako ana sababu ya kutatizika. "Mtiririko wima" humfanya msomaji aone mafuta yakipanda moja kwa moja kwenda juu, nawe hukusudii hivyo. Kisima kikifunguliwa na shinikizo likaanza kushuka, mafuta hukiendea kutoka juu, chini na ubavuni, kama spoki zinavyoelekea katikati ya gurudumu lililosimama. Kilicho wima ni duara. Basi andika "mtiririko wa duara wima".

Athari ya shinikizo ikishafika kwenye paa na sakafu ya tabaka la mafuta, duara hilo hukatika. Mafuta sasa huja kutoka kando kwa mistari sambamba. Huo uite "mtiririko mnyoofu", inatosha. Muda ukipita sana, mafuta ya mbali hukusanyika kutoka pande zote za tabaka: "mtiririko wa duara mlalo".

Hapa ndipo neno lako linapokuwa na thamani. Kwenye mchoro wa logi (logarithimu) wa kasi ya badiliko la shinikizo kwa logi ya muda, mtiririko mnyoofu hujitambulisha kwa mwinamo wa nusu. Maduara mawili hayajitofautishi hivyo: kila moja huchora kipande bapa. Kipande cha kwanza hubeba wepesi wa mwamba kupitisha mafuta kwa wima na kwa mlalo pamoja, tena kwa kutegemea urefu wa kisima. Cha mwisho hubeba ule wa mlalo, kwa kutegemea unene wa tabaka. Ukiandika "mtiririko wa duara" tu, msomaji anaweza kuchukua tarakimu ya kipande kimoja akaitumia kwa kingine, na hesabu yote ikaharibika.

Jihadhari pia na "ulalo". Wengi huliandika wakikusudia mlalo, ilhali katika hisabati ulalo ni mstari unaounganisha pembe zisizopakana.

Sentensi yako basi iwe: "Mtiririko wa duara wima kuelekea kisima cha mlalo ulionekana mwanzoni mwa kipimo."