Uliza Mwalimu: Mwanafunzi ndo aliniwashia projekta

Barua za safari hii ni tatu, ila ya kwanza nimeikalia siku kadhaa kabla ya kuijibu, maana walimu wengi wananiandikia jambo hilohilo kwa vipande vipande na huyu kalisema lote kwa pumzi moja.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Nafundisha fizikia, mwaka huu natimiza miaka 22 darasani na kwa ubao na chaki sijawahi kukwama. Sasa shule imepata projekta na tableti 20, tukapigwa semina ya siku moja, mwezeshaji anaongea haraka, anabonyeza huku anabonyeza kule, jioni tukaambiwa haya mmeiva kafundisheni. Nikaandaa slaidi za umeme usiku kucha, nafika darasani ukuta mweusi, nachomeka nachomoa, dakika 15 zimekwenda watoto 60 wananitazama tu, mwisho mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akaja mbele akabonyeza sijui nini picha ikatokea. Darasa zima likampigia makofi. Tangu siku hiyo projekta sijaigusa, na mkuu wa shule kila wiki anataka ripoti ya matumizi ya teknolojia. Walimu vijana wananiambia mbona rahisi tu mwalimu, ila nikiomba kuelekezwa wanachukua mausi wanafanya wenyewe, nabaki nilivyokuja. Naanzia wapi? Na hivi vitu vinawasaidia watoto kweli au tunafuata mkumbo? (Mwalimu wa fizikia)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, pole sana, najua hizo dakika 15 zilikuwa ndefu kiasi gani.

Tuanze na hicho alichobonyeza mtoto kwa sababu ukikijua leo kesho unalala vizuri. Kama laptopu yako ni ya Windows, nina imani kubwa alishikilia kitufe chenye nembo ya Windows halafu akabonyeza herufi P. Ukifanya hivyo pembeni mwa skrini kinatokea kiorodha kidogo, unachagua ile ya kuonyesha picha ileile kwenye laptopu na kwenye projekta, basi. Laptopu yako ilikuwa inajionyesha yenyewe tu. Ukishafanya hivyo na ukuta bado mweusi, angalia tundu ulilochomeka waya, kawaida limeandikwa jina lake hapohapo, halafu tafuta kwenye projekta au rimoti yake kitufe kilichoandikwa Source au Input, bonyeza mpaka jina la tundu lako lijitokeze, maana projekta ina matundu zaidi ya moja na inaweza kuwa inasubiri picha kwenye tundu ambalo halina kitu. Sasa nenda darasani siku hakuna watoto, zima kila kitu, chomoa kila kitu, anza upya mwenyewe. Rudia mara tatu. Ile ya tatu mkono utakuwa unakwenda wenyewe.

Na kwa hao vijana, waombe wakuelekeze kwa mdomo tu huku mausi ukiwa nayo wewe. Waambie wazi, mwanangu weka mikono mfukoni niambie nibonyeze wapi. Hawana nia mbaya, wanadhani kukufanyia ndo kukusaidia, lakini kitu ulichofanyiwa na mwenzio wakati wewe unaangalia hakikai, wewe mwenyewe unalijua hilo kwa watoto wako maana husahihishi daftari la mtoto kwa kumwandikia majibu.

Kuna kitu hiyo semina haikukuambia na mimi naona ilitakiwa ianzie hapo. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wa chuo kikuu cha Michigan State kule Marekani waliandika kwamba mwalimu anayefundisha vizuri kwa teknolojia ana ujuzi wa aina tatu uliochanganyika, anajua somo, anajua namna ya kulifundisha, na anajua kifaa. Hesabu sasa. Wewe mbili unazo, tena za miaka 22, na hizo ndo zinazochukua muda. Yule mtoto aliyepigiwa makofi anajua kitufe, lakini muulize kwa nini wenzake kila mwaka wanakosea lile swali la balbu mbili kwenye betri moja, ipi itawaka zaidi, hana jibu. Wewe unalo.

Umeuliza kama vinasaidia kweli. Mwaka 2023 UNESCO walitoa ripoti nzima ya dunia kuhusu teknolojia katika elimu na walisema wazi kwamba ushahidi mzuri usioegemea upande wowote kuhusu faida yake ni mchache. Kwa hiyo ukiona mashaka usijione umepitwa na wakati, mashaka yako yana msingi. Kifaa kuwepo darasani peke yake hakifundishi mtu. Na nitasema kitu ambacho pengine kitakuuma kidogo kwa sababu umezikesha, zile slaidi hata zingewaka siku ile mtoto angefanya nini? Angekaa ananakili kutoka ukutani kama anavyonakili kutoka ubaoni. Hapo umehamisha chaki tu ukaipa taa.

Kwa hiyo usianzie kwenye slaidi, wala usianzie kwenye kifaa. Anzia pale watoto wako wanapokwama kila mwaka na chaki imeshindwa kuwavusha. Kwenye umeme hata mimi nisiyefundisha fizikia napajua, kuna imani imeganda vichwani mwao kwamba mkondo unaliwa na balbu. Ukiunganisha balbu mbili zinazofanana kwa mfuatano na betri moja, ukawauliza ipi itawaka zaidi, wengi watakwambia ile iliyo karibu na betri, kwa sababu inapata umeme kwanza inatumia, inaachia mwenzake makombo. Unawaambia hapana mkondo ni uleule kotekote, wanaandika, kwenye mtihani wanarudi kulekule. Hawajauona, wameambiwa tu.

Hapo sasa ndo kuna kazi ya hizo tableti. Kuna kitu kinaitwa PhET, kilianzishwa mwaka 2002 chuo kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, yule mwanafizikia aliyepata Nobel mwaka 2001, ni mkusanyiko wa majaribio ya sayansi na hisabati ya kwenye skrini, ni bure, na baadhi yamewekwa kwa Kiswahili. Tafuta lile la kuunda saketi, yaani mzunguko wa umeme. Mtoto anavuta betri kwa kidole, anavuta waya, balbu, swichi, anaunganisha, na ndani ya waya anaona vidoti vya elektroni vinatembea. Nikwambie nilichokiona darasa moja nililokaa nyuma kuangalia. Mwalimu aliwagawa watatu watatu kwa tableti moja, lakini kabla hajaruhusu mtu aguse alichora ile saketi ya balbu mbili ubaoni kwa chaki akasema kila mmoja aandike kwenye daftari lake ipi itawaka zaidi na sababu, kwa peni, hakuna kufuta. Kisha akahesabu mikono akaandika idadi ubaoni. Ndo akasema washeni. Kimya, halafu binti mmoja akasema kwa sauti zinalingana! Mwenzake hakukubali, akadhani wamekosea kuunganisha, akabomoa akaunganisha upya akageuza betri, zikalingana tena. Wakachukua ameta ya humohumo kwenye skrini, kile kipimo cha mkondo, wakapima kabla ya balbu ya kwanza, katikati, baada ya ya pili, namba ileile mara tatu. Yule kijana alirudi kwenye daftari akakaa analitazama lile jibu lake la peni muda mrefu. Mwalimu hakuwa amesema neno hata moja kuhusu mkondo mpaka hapo.

Na angalia, wewe una tableti 20 na watoto 60, ni watatu watatu hivyohivyo, na hiyo si shida hata kidogo, mtoto mmoja kwa tableti yake angecheza peke yake kimya, watatu lazima wabishane.

Maandalizi ni haya. Faili la jaribio pakua mapema ukiwa kwenye intaneti nzuri, mengi yake ni faili moja moja unayoweza kuihamisha kwa fleshi na inafanya kazi bila intaneti, lakini usiamini maneno yangu, jaribu kwanza kwenye tableti moja kabla ya kuweka kwenye zote. Chaji jioni ya jana yake si asubuhi. Weka namba kwenye kila tableti na kila kundi lijue namba yake la sivyo dakika 10 zinaishia kwenye kugombania. Mchoro wa ubaoni uuache hapohapo hata kama kila kitu kimewaka, umeme ukikatika unaendelea na ubao na wale watoto tayari wameshaandika makisio yao, somo halijafa. Na yule mtoto aliyekuwashia projekta mpe kazi rasmi, awe anafika mapema kuchomeka waya pamoja na wewe. Pamoja, nasisitiza, si badala yako.

Kaa na hicho kimoja muhula mzima. Usikubali mtu akuletee programu ya pili kabla hiyo haijakuzoea mkono. Na ripoti ya mkuu wa shule usiandike nimetumia projekta mara 3, andika wangapi walikisia sawasawa kabla na wangapi wamejibu sawasawa swali la namna hiyo wiki mbili baadaye bila tableti. Hapo ndo na wewe utapata jibu la swali lako kama vinasaidia, tena kutoka darasa lako mwenyewe.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ndo kwanza mwaka wa pili kazini, nafundisha biolojia. Naona walimu wenzangu mtandaoni wanafanya maswali ya mashindano watoto wote wana simu mkononi, mi darasa langu hakuna mtoto mwenye kifaa, kilichopo ni simu yangu tu na intaneti ya kubahatisha. Nifanyeje nisiachwe? (Mwalimu mgeni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujaachwa. Tafuta kitu kinaitwa Plickers, unachapa kadi za karatasi, kila mtoto ana yake yenye mchoro mweusi wa mraba, na kila upande wa mchoro una herufi A, B, C au D. Unauliza swali, mtoto anainua kadi huku jibu lake likiwa upande wa juu, wewe unapitisha kamera ya simu yako darasani na simu inasoma nani kajibu nini. Uzuri wake mkubwa kwangu ni kwamba mchoro wa kila kadi ni tofauti na herufi zimeandikwa ndogo sana, jirani haoni umejibu nini, basi hata yule mtoto mwoga wa nyuma anajibu. Intaneti inahitajika kwenye simu yako peke yake. Siku imegoma kabisa, karatasi iliyokunjwa mara nne yenye herufi nne inatosha, watoto wanaishika kifuani, unaangalia kwa macho.

Ila shindano lenyewe silo linalofundisha, kinachofundisha ni unachofanya na majibu. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, alianza mwaka 1991 utaratibu ambao mpaka leo sijaona wa kuuzidi kwa urahisi: unauliza swali, kila mtu anajibu peke yake, ukiona darasa limegawanyika hutoi jibu, unawaambia geukia jirani yako mwenye jibu tofauti umshawishi, dakika 2 au 3, halafu wanapiga kura tena. Kama karibu wote wamepata songa mbele, kama karibu wote wamekosa basi fundisha upya, hawana cha kushawishiana. Wakiwa katikati ndo mjadala unazaa.

Halafu maswali ya leo usiyatupe, yarudishe wiki ijayo. Watafiti wawili, Roediger na Karpicke, mwaka 2006 waliwapa wanafunzi vifungu wasome, wengine wakarudia kusoma, wengine wakajitahini kwa kukumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, baada ya wiki moja waliojitahini ndo waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo maswali matano ya wiki iliyopita mwanzo wa kipindi, kila wiki, bila kuweka alama kwenye ripoti ya mtoto, nakuomba sana hilo la alama, mtoto akijua anapimwa ataanza kuibia na wewe hutajua tena nani hajaelewa.

SWALI: Naweza kutumia akili unde kutunga maswali ya mtihani? Muda wa kutunga sina kabisa. (Mwalimu mwenye madarasa sita)

JIBU: Kupata rasimu, ndiyo. Lakini hizi programu kama ChatGPT zinaandika kitu cha uongo kwa sauti ileile zinayoandikia kweli, kwa hiyo kila swali lifanye wewe mwenyewe kwa peni kabla hujatazama jibu lililoletewa, likitofautiana na lako kaa nalo mpaka ujue nani amekosea. Mimi nikiomba maswali 20 huwa nabaki na 7 au 8, mengine ni rahisi mno au majibu ya uongo yanajulikana hata na mtoto ambaye hakusoma. Yale majibu ya kukosea yabadilishe uweke makosa halisi uliyoyaona kwenye madaftari ya watoto wako, hayo mashine haiyajui. Na majina ya watoto, alama zao, matatizo yao ya nyumbani, usiyaandike humo hata siku moja, hata kama unaomba ushauri kwa nia njema, andika tu mwanafunzi mmoja wa darasa langu.