Innerspeaker na wahakiki wake

Umeuliza kama wahakiki waliipokea Innerspeaker, albamu ya kwanza ya bendi ya Tame Impala ya Australia, kama mwigo tu wa roki ya saikedeliki (muziki wa magitaa wenye sauti za kindoto) ya miaka ya 1960. La hasha: ilipotoka mwaka 2010 ilisifiwa sana, na mwaka huohuo ikatwaa tuzo ya J Award ya redio ya Triple J. Ni kweli kwamba wengi waliifananisha sauti ya Kevin Parker, mwimbaji wa bendi hiyo, na ya John Lennon wa The Beatles, lakini kwa maoni yangu waliosikiliza kwa makini zaidi ni wale waliozitaja ngoma, ambazo mvumo wake mzito huyasukuma mbele magitaa yaliyozama katika mwangwi, hata wimbo usibaki ukielea tu.