Kwa mliochaguliwa kamati ya sinagogi: anzeni na aliyeumizwa

Hongereni. Najua wengi wenu mlikubali kazi hii ya kushughulikia chuki dhidi ya Wayahudi kwa sababu hakuna mwingine aliyenyoosha mkono. Hata mimi niliingia hivyo miaka 9 iliyopita, nikiwa mgeni kutoka Nairobi, kwenye sinagogi ndogo ya Ohio, Marekani, isiyofika familia 100. Nilidhani kupambana na chuki dhidi ya Wayahudi ni kujibu hoja. Nikasoma historia, nikajiandaa kubishana na yeyote. Simu ya kwanza niliyopigiwa haikuhitaji hoja hata moja.

Mama mmoja alipiga saa kumi jioni. Mwanawe wa miaka 12 alikuwa amerudi na daftari la hesabu, na nyuma ya jalada mtu amechora swastika, ile alama ya Wanazi, kwa kalamu ya bluu, ameikandamiza mpaka karatasi imetoboka. Kufikia saa mbili usiku nilikuwa nimeshamwandikia mkuu wa shule barua kali, na nakala nimeituma kwa wazazi wote wa sinagogi. Jina la mtoto sikulitaja, lakini darasa lile lilikuwa na Myahudi mmoja tu. Kesho yake shule nzima ilijua ni nani. Baadaye mama yake aliniambia mtoto alichotaka ni kuhamishwa kiti, na mtu mzima amwambie kwamba hakukosea kitu. Sikuwa nimemuuliza.

Kwa hiyo simu ikiingia, kaa chini kwanza. Uliza: uko salama? Uko na nani sasa hivi? Ungependa nini kifanyike, na nini kisifanyike? Jibu la swali la mwisho liandike kwa maneno yake mwenyewe, usiyanyooshe. Andika pia tarehe, saa, mahali na aliyeshuhudia. Barua kwa shule, polisi, waandishi wa habari, yote hayo yaje baada ya hapo, na aliyeumizwa awe ameridhia.

Ushahidi hupotea upesi kuliko mnavyodhani. Ijumaa moja mchana nilimkuta mzee wetu mlangoni na ndoo ya maji ya sabuni, anasugua maandishi ya chuki huku machozi yakimtoka. Hakutaka wajukuu wake wayaone wakija kwa ibada ya Sabato. Ningewezaje kumlaumu? Lakini polisi walipofika waliona mlango uliolowa tu. Piga picha kabla ya mtu kushika brashi: moja ya karibu, moja ya mbali inayoonyesha mlango wote. Matusi ya mtandaoni nayo hifadhi picha yake pamoja na jina la akaunti na tarehe kabla ya kuripoti, maana yakiondolewa huna tena cha kuonyesha.

Mafunzo ya usalama msiyakwepe kwa kuona aibu kwamba nyumba ya ibada itageuka kituo cha askari. Tarehe 15 Januari 2022, huko Colleyville, Texas, rabi Charlie Cytron-Walker alimfungulia mtu asiyemjua aliyeonekana kutafuta pa kujikinga na baridi, akamtengenezea chai. Mtu yule alikuwa na bastola. Aliwashika mateka watu wanne, rabi akiwa mmoja wao. Mmoja aliachiwa mapema, na baada ya zaidi ya saa kumi rabi alimrushia kiti, yeye na wawili waliobaki wakakimbilia mlangoni. Alisema mafunzo aliyokuwa amepata ndiyo yaliyomwezesha. Mimi nikisimulia kisa hiki kwa wapya huanzia kwenye chai. Sitaki mtu aondoke akidhani tunamfundisha kumfukuza mgeni. Tunamfundisha kumkaribisha huku anajua milango yote ya kutokea ilipo.

Nyinyi mnaoongea Kiswahili nyumbani mna kazi ya ziada: makundi ya WhatsApp ya ukoo. Shemeji yangu wa Mombasa, mtu mwema kabisa, aliwahi kunitumia sauti ndefu kuhusu wazee wa Kiyahudi wanaopanga kuitawala dunia. Sikumtukana. Nilimpigia, tukajuliana hali, nikamweleza kwamba habari ile inatokana na maandishi ya kughushi yaliyochapishwa Urusi mwaka 1903, na kwamba mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha kurasa zake zimenakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha 1864 kilichomshambulia Napoleon III, kisichowahusu Wayahudi hata kidogo. Alinyamaza, kisha akauliza, “Sasa aliyenitumia mimi nimwambieje?” Angejibiwa hadharani kundini, angelinda heshima yake badala ya kusikiliza.

Kuhusu Israeli mtaulizwa kila wiki. Fasili iliyopitishwa mwaka 2016 na IHRA, muungano wa kimataifa wa kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi, yenyewe inasema kwamba kuikosoa Israeli kama nchi nyingine yoyote inavyokosolewa hakuwezi kuhesabiwa chuki. Wayahudi wenzetu wanabishana vikali juu ya mipaka ya fasili hiyo. Msimamo wangu ni huu: mwanafunzi anayelilia watoto wa Gaza si adui yenu. Anayemzuia Myahudi mlangoni mpaka aikane Israeli, huyo ameshamhukumu kwa alivyozaliwa. Ukiita kila kitu chuki, siku swastika ikichorwa kweli hutasikilizwa.

Jambo la mwisho nililichelewa. Baada ya tukio la daftari, siku ya kwanza simu ya yule mama haikupoa. Siku ya tano hakuna aliyepiga, na ndiyo siku mtoto alikataa kwenda shule. Kwetu pwani msiba hauishii kaburini, kuna arobaini. Wayahudi nao wana siku saba za maombolezo ziitwazo shiva, kisha mpaka ya thelathini. Weka kengele kwenye simu yako: siku ya tano, ya saba, ya thelathini. Ikilia, piga, hata kama huna la kusema zaidi ya “Habari za leo?”