Leso za pamba au za poliesta?

Dada, umeuliza mtaji wa duka lako la leso pale Biashara Street uutie kwenye pamba au poliesta, maana wateja wanakimbilia rahisi. Nakuelewa, nimeuza vitambaa miaka mingi. Duniani poliesta iliipita pamba mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sasa ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote. Lakini joto la Mombasa ni lile lile: leso ya kujifunga na kubebea mtoto lazima inywe jasho. Hiyo nunua pamba. Poliesta iwe ya mabuibui na mapazia. Kabla hujalipia jora, choma uzi: pamba hunuka karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka ikaganda donge gumu. Mkopo usichukue kabla mhasibu hajakupigia hesabu.