Kuhusu Ile Nafasi ya Chuoni

Misungwi, Mwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako tumeupata, baba yako naye kausoma. Unauliza kama uache kazi ya benki huko Dar es Salaam uombe nafasi ya mkufunzi msaidizi wa uhasibu hapa Mwanza, na kama mtu anayetaka kufundisha kwa njia mpya bila kumwacha mwanafunzi yeyote ana mustakabali chuoni, au atachoka na kubaki na cheo kilekile.

Omba. Ila uingie ukiijua ngazi. Kutoka mkufunzi msaidizi, shahada ya uzamili inakupeleka kwenye uhadhiri msaidizi, uzamivu kwenye uhadhiri. Baada ya hapo, hadi uprofesa, kinachokupandisha zaidi ni makala ulizochapisha kwenye majarida ya kitaaluma. Kufundisha vizuri peke yake hakukufikishi mbali. Kwa hiyo kila mbinu utakayoijaribu darasani ipime, iandike, ichapishe. Utafiti wa ufundishaji ni utafiti kamili, asikutishe mtu.

Usisubiri vifaa. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliona wanafunzi wake wanakokotoa vizuri lakini dhana yenyewe hawaielewi. Miaka ya 1990 mwanzoni akabadili mhadhara: anauliza swali, kila mtu anachagua jibu kimya, wanajadiliana na jirani, wanachagua tena, ndipo yeye anafafanua. Kura ya mikono inatosha. Fikiria ukumbi uliojaa mamia, mhadhara kwa Kiingereza, na kijana aliyetoka shule ya kata kule Ukerewe. Mbele ya wote hatafungua mdomo. Akimgeukia jirani yake atajieleza kwa Kiswahili, na akishaelewa, Kiingereza cha mtihani kitamjia kwa wepesi zaidi. Mimi naiamini sana njia hii.

Sasa hao wanaosahaulika. Unajua nimefundisha watoto wasioona na wenye ualbino, na baadhi yao wamefika vyuo vikuu. Mhadhiri anaelekeza kidole ubaoni: “Ukitoa hii kwenye hii, unapata ile.” Asiyeona ameinamia mashine yake ya nukta nundu, vidole viko tayari juu ya vile vitufe sita, na hakuna cha kubonyeza. Sema, “Toa gharama kwenye mapato, unapata faida.” Maneno machache tu, na naye yumo darasani. Mikono ikinyooshwa kupiga kura, taja idadi yake kwa sauti.

Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu, na mwanga wa dirishani ukipiga ubaoni hata kiti cha mbele hakimsaidii. Mtumie slaidi siku moja kabla, azikuze kwenye simu. Mkalimani wa lugha ya alama naye anazihitaji mapema, maana istilahi za uhasibu hawezi kuzibuni papo kwa papo. Na ukizungumza usiugeukie ubao. Wapo wanaosoma midomo. Ukiomba chuo mkalimani au karatasi za nukta nundu, usiombe kwa unyonge: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa vijana hao haki ya elimu.

Kuhusu mshahara, linganisha kwa makini kabla hujatia saini. Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi popote utakapoajiriwa, kwa hiyo hilo lisikuamulie.

Kwenye usaili wanaweza kukutaka ufundishe somo fupi mbele yao. Njoo wikiendi ya kabla yake. Utamfundisha baba yako urari wa hesabu akiwa amefumba macho, nami nitakaa pembeni na kalamu nikiandika kila mahali utakaposema “hii” na “ile”.

Mama yako