Hilo gamba jeusi si praima, mkuu

Mkuu, weka brashi chini. Tutasalimiana baadaye. Umesema engo, vile vyuma vya pembe vya fremu ya kizimba chako cha samaki, bado zina lile gamba jeusi la kibuluu zilizotoka nalo dukani, na unataka kupiga redoksaidi, ile praima nyekundu ya kuzuia kutu, juu yake uzitose ziwani Jumamosi. Nilifanya hivyohivyo kule Igombe, Mwanza.

Muuza rangi mmoja aliniambia, "Hiyo ni kinga ya kiwandani, ukiikwangua unaharibu chuma." Akaongeza kwamba maji ya ziwa ni matamu, hayali chuma. Nikamwamini kwa sababu alikuwa na kalamu sikioni. Nikapaka mikono mitatu, fremu ikapendeza kama bibi harusi.

Mwaka haukuisha, rangi ikaanza kubanduka vipande vya ukubwa wa kiganja. Geuza kipande: mgongoni gamba jeusi limeng'ang'ania. Rangi haikuwa na kosa, ilishika gamba vizuri kabisa. Gamba ndilo lililoachia chuma. Chini yake vishimo vitupu, kama muhindi uliobunguliwa. Usiku mmoja wa upepo kona ikakatika, wavu ukalala upande, sato wangu wakarudi kwao. Majirani walikula sato wiki nzima. Walinikaribisha, wala siwasingizii.

Gamba hilo huzaliwa chuma kinapopita kwenye rola za kiwandani kikiwa chekundu kwa moto, hewa ikakiunguza juu. Ni gumu ila linavunjika kama kigae. Pinda chuma, kipige nyundo, linapasuka. Maji yakiingia kwenye ufa, gamba na chuma vinakuwa kama betri, na kinacholiwa ni chuma, palepale kwenye ufa. Maji matamu yanachelewesha tu. Laiti yule wa kalamu angeniambia hayo!

Brashi ya waya hailitoi, inaling'arisha tu ukadhani umemaliza. Piga grainda kwa diski ya msasa, miwani usoni, mpaka chuma kiwe cheupe kama fedha, pembe za ndani pia. Una wasiwasi? Koroga mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba, kwenye maji, dondosha juu ya chuma: chuma kitupu kinageuka rangi ya shaba, penye gamba hapabadiliki. Kisha paka siku hiyohiyo, unyevu wa ziwa hausubiri kesho.

Uliuliza pia lita ngapi za rangi, na kitu gani sijui kuhusu maboya. Kwanza nitumie picha ya engo zikiwa nyeupe.